Mgilo wa Ngano

Mama Paskalia alipopata mkamwana, jambo la kwanza alilofanya ni kununua sufuria mpya.

Hakuna aliyemtuma. Siku ya mnada alikwenda Kharumwa, akachagua sufuria ya ukubwa wa kati, akaigonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake kama mtu anayechagua tikiti, akarudi nayo kichwani. Akanunua na upawa mpya, akaufunga kitambaa chekundu kwenye mpini. Kisha akawaita majirani waliozoea kuingia jikoni kwake bila hodi, akawaonyesha vyote viwili.

"Hivi ni vya Violeth. Atakayepikia ngano humu, au akachovya upawa huu kwenye chungu kingine, mimi na yeye tutajuana."

Violeth alikuwa amesimama mlangoni, kanga za harusi bado zinanukia duka. Aligeuka akatazama ukuta ili mama mkwe asimwone akilia. Alikuwa ameliogopa jiko hilo kwa miezi, na sasa jiko limemfungulia mlango lenyewe.

Violeth hakuwa mtu wa kula popote. Tangu utotoni, kwao Kagongwa, alikuwa mwembamba kama ubua. Akila anaharisha, akila tumbo linajaa upepo, mdomo unachanika vidonda, damu inapungua mpaka viganja vinakuwa vyeupe. Walimpima malaria, minyoo, homa ya matumbo, na ule ugonjwa ambao watu huutaja kwa kushusha sauti. Hakuna kilichoonekana. Waganga nao walikuwa na majibu yao. Hatimaye daktari mmoja wa Mwanza akamwingiza mpira wenye kamera mpaka tumboni, na baada ya majibu akamtajia jina ambalo Violeth hakuwahi kulisikia: siliaki. Alimweleza kwamba ndani ya ngano na shayiri mna kitu kinachoufanya mwili wake uushambulie utumbo wake wenyewe. Kidonge chake hakipo. Dawa ni kutokula. Si kupunguza, kutokula kabisa, hata chembe, maisha yote.

Ukisikia hivyo unasema, basi ni jambo dogo. Msukuma na ngano wapi na wapi? Kuna ugali wa mtama, kuna wali, viazi, michembe ya viazi vilivyokaushwa, maziwa. Violeth naye alidhani hivyo, mpaka alipoanza kuitafuta ngano na kuikuta imemtangulia kila mahali. Vitumbua vya mchele vimetiwa ngano kidogo ili vishikane. Mihogo imekaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi. Mchuzi wa harusini umezidishwa uzito kwa unga. Mashineni, mtu ametoka kusaga unga wa lishe wenye ngano, na mtama wa Violeth ndio unaofuata. Hata kanisani, hostia ni ngano. Padri alikubali kumkomunisha kwa divai peke yake, na wiki hiyohiyo habari zikaenea kwamba kuna msichana anakunywa kikombe kimoja na padri.

Lakini njaa haikumtesa kama kukataa. Huku, ukipewa chakula ukakataa, hujakataa chakula. Umemwambia aliyekupa: nakuogopa. Umesema mbele ya watu kwamba mkono wake una kitu. Ndiyo maana anayekukaribisha kinywaji hupiga funda la kwanza yeye mwenyewe, wanaita kutoa sumu, ndipo anakupa kikombe. Ukikataa baada ya funda lile, umemtangaza mchawi. Violeth alishapoteza rafiki wa kuchezea naye kwa sababu ya andazi moja, na shangazi yake hakumsemesha mpaka anazikwa.

Basi Ngusa alipomposa, Violeth alimweleza yote kabla ya kusema ndiyo. Ngusa alikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwenye machimbo yaliyo nje kidogo ya Kharumwa. Alikuwa mtu wa vumbi jingi na maneno machache. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali, akajifunza. Akija kumtembelea Kagongwa alinawa mikono kwanza, asije akawa ameshika mkate njiani. Violeth alimpendea mikono ile iliyonawa.

"Kwa mama niachie mimi," Ngusa alimwambia. "Namjua. Huwezi kumwingia kwa maneno ya hospitali. Nitamweleza taratibu."

Baada ya wiki kadhaa alirudi anatabasamu. "Nimemweleza. Ameelewa kuliko nilivyotegemea."

Na kweli, sufuria ile hapo.

Kwa mwaka mzima na zaidi, Violeth aliishi nyumbani kwa mama mkwe wake kama yai kwenye pamba. Mama Paskalia alikwenda mashineni alfajiri, kabla ya watu, na kumlazimisha mwenye mashine apitishe pumba kwanza. Kwenye misiba alimkalisha Violeth ubavuni pake, na mtu akileta sahani yenye mashaka anaipokea yeye, anasema, "Huyu hali hivyo, nipe mimi," na mambo yanaishia hapo. Hakuna aliyenuna. Violeth alishangaa. Watu waliosoma walimwita mwenye madeko, na mama huyu ambaye hajawahi kumwona daktari bingwa alikuwa ameelewa.

Mara moja tu, wakichambua mchicha, Mama Paskalia aliuliza, "Na baba yako naye hali ngano?"

"Baba anakula. Ila babu tulisikia tumbo lilikuwa likimsumbua hivihivi."

"Eheee," alisema mama mkwe, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta. "Lazima itoke upande huo."

Daktari naye alishawahi kumuuliza swali hilo, kwa sababu ugonjwa huu hufuata damu. Violeth alizidi kumheshimu.

Akanenepa. Viganja vikarudi rangi. Akapata mimba, na mimba ikakaa. Mtoto alizaliwa usiku wa mvua, wa kiume, wakamwita Bujiku, na Violeth akawa Mama Bujiku.

Mzazi haingii jikoni. Anapikiwa, anakandwa, anakunywa uji ili maziwa yashuke. Kila asubuhi Mama Paskalia aliingia chumbani na kikombe kikubwa cha uji wenye samli na karanga. Anapiga funda la kwanza yeye mwenyewe, anafuta mdomo kwa upande wa kanga, anampa. "Kunywa, ng'wanawane, mwanangu. Bujiku anasubiri." Na Violeth anakunywa mpaka chini, kwa sababu ulitoka kwenye sufuria yake, umekorogwa kwa upawa wenye kitambaa chekundu. Ngusa mara nyingi alikuwa palepale ukingoni mwa kitanda, anavaa mabuti ya kwenda kazini.

Mwezi wa kwanza haujaisha, tumbo lilianza.

Kwanza yeye na mama mkwe walisema ni uzazi. Halafu vidonda vikarudi mdomoni, miguu ikawa kama ya kukopa, akisimama ghafla dunia inazunguka. Na maziwa, yaliyokuwa yakilowesha kitenge, yakaanza kuja kwa kusitasita. Bujiku ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena pasipo kitu. Kliniki walimtundika kwenye mzani, nesi akatazama, akamtundika mara ya pili.

"Mama, unakula kweli wewe?"

"Nakula."

Nesi alikuwa anaujua ugonjwa wake. Alimtazama kwa jicho la mtu aliyezoea kudanganywa. "Wenye kisukari nao huniambia hivyohivyo, soda iko mfukoni. Mtoto huyu hana chakula kingine zaidi yako. Usimwibie."

Maneno hayo yalimkaa moyoni kama mwiba wa samaki. Alirudi nyumbani akajipekua kama polisi. Akaacha chumvi ya dukani, akaacha majani ya chai, akamwomba Mama Paskalia akaushe mtama upya. Alidhani ni mashine. Alidhani ni karanga, labda zimekaangwa kwenye chombo kibaya. Kila alichokidhania alimweleza Ngusa wakiwa wamelala, mtoto katikati yao.

"Labda ni mashine," alisema.

"Labda," alisema Ngusa.

"Mwambie mama abadilishe mashine."

"Nitamwambia."

Siku nyingine alimlilia. "Nitakosa maziwa kabisa, Ngusa. Na sijui nimekosea wapi." Ngusa alimshika bega, mkono wake unatoka jasho. Violeth alidhani ni huruma, na hata alimwonea huruma yeye.

Bujiku alibatizwa Jumapili akiwa na miezi mitatu. Watu walijaa uani. Pilau kwenye masufuria makubwa, mbuzi wawili, na beseni la chapati limefunikwa kitambaa cheupe. Violeth alikaa kwenye mkeka na mtoto, shavu limechomoza mfupa, anatabasamu kwa kila anayekuja kumpa mkono.

Mama Paskalia alikuja na sahani. Alikuwa amevaa vizuri, anang'aa kwa furaha. Juu ya sahani palikuwa na chapati moja, imekunjwa mara nne. Akachana kipande, akakitia mdomoni, akatafuna mpaka wote wakaona, akameza. Kisha akaiweka sahani mapajani mwa Violeth.

"Kula, Mama Bujiku. Leo ule na wenzako."

Violeth alicheka kidogo. "Mayu, mama yangu, hii ni chapati."

"Najua ni chapati. Nimeisukuma mwenyewe."

"Lakini si unajua mimi sili?"

Agnetha, jirani wa nyumba ya pili, alisikia. Ulimi wake haukuwahi kupumzika. "Mama Paskalia, mletee na divai. Huyu wako hashushi tonge mpaka aone kikombe cha padri."

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Paskalia akawapungia mkono wanyamaze, akachuchumaa mbele ya mkamwana wake, akasema kwa upole, "Waache. Ni mazoea tu. Hata mbuzi ukimkata kamba, siku za kwanza anazunguka mti uleule. Mgilo wenu tuliutoa. Ngusa hakukwambia?"

"Mgilo gani, mayu?"

"Wa ngano. Mwiko wa ukoo wa baba yako." Mama Paskalia alimtazama kama anayemkumbusha mtoto jina lake. "Ngusa alinieleza tangu mwanzo, kwamba watu wa kwenu hawali ngano, mtu wa ukoo akila anaumwa. Nikasema sawa. Sisi hatuli pundamilia, nao hawali ngano, mgilo wa mtu haufanyiwi mzaha. Lakini sasa umezaa kwetu. Mtoto wa hapa atanyonyaje mgilo wa kule? Ulipokaribia kujifungua nikamwita mzee wa matambiko, Ngusa akaleta mbuzi mweupe, maneno yakasemwa wewe ukiwa umelala, ikaisha. Na wewe mwenyewe ni shahidi. Tangu ujifungue, uji wako nautia ngano, maana wanasema ndiyo inayoleta maziwa. Umekunywa kila siku na hakuna kilichoku..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yametua kwenye mfupa wa shavu la Violeth, yakashuka kwenye mikono yake, yakabaki huko.

Violeth hakuwa akimtazama. Alikuwa akimtafuta Ngusa. Alimwona karibu na sufuria ya pilau, rundo la sahani mkononi. Alikuwa amesikia. Hakuuliza kuna nini, hakuja. Aliinamisha kichwa akaanza kupanga sahani ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Na hapo Violeth akaziona asubuhi zote. Kikombe, funda la kwanza, kanga ikifuta mdomo, yeye akinywa mpaka chini. Na Ngusa ukingoni mwa kitanda, anafunga kamba za mabuti, anatazama.

Aliondoa sahani mapajani kwa adabu, akainuka na mtoto, akaenda nyuma ya nyumba. Ngusa alimfuata. Walisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kicheko cha wageni kinawafikia kwa upande.

"Ulimwambia ni mgilo," alisema Violeth.

"Ningemwambiaje? Ningesema ugonjwa, na hauna dawa, mama angesema ng'ombe wetu wamekwenda kununua kaburi. Wangevunja uchumba. Mgilo anauelewa. Na si ulifanya kazi? Nani alikutunza kama yeye?"

"Alinitunza. Nakuuliza juu ya mbuzi."

Ngusa alipapasa ukuta. "Alishaamua. Nilishindwa pa kuanzia. Ningesema haiwezekani kuutoa, angeuliza kwa nini, na uongo wote ungefumuka. Na nilikuona umenenepa, una afya. Nikawaza labda umepona. Labda daktari naye alikosea."

"Halafu nikaanza kuumwa."

Ngusa akageukia upande wa wageni.

"Nilikwambia labda ni mashine. Ukasema labda."

"Kila asubuhi nilikuwa najiambia, leo nitasema."

"Kila asubuhi ulikuwa unavaa viatu, Ngusa." Sauti yake haikupanda. Bujiku alikuwa amelala begani mwake, na hakutaka kumwamsha kwa jambo hili. "Nesi aliniambia namwibia mtoto. Nimeacha chumvi. Nimeacha chai. Nimekaa najichunguza kama mwizi ndani ya nyumba yangu, na wewe ulikuwa unajua ngano iko kwenye kikombe."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza. Hata bado sijajua nitakusamehe nini."

Kivuli kilikatika kwenye kona. Mama Paskalia alikuwa amesimama hapo, na haikujulikana tangu lini.

"Ni ugonjwa?" aliuliza.

"Ni ugonjwa, mayu. Wa hospitali. Ngano inaniua utumbo. Hakuna mzee wa kuutoa."

Mama Paskalia aliketi chini, pale pale kwenye vumbi, na nguo zake za sherehe. Alitazama viganja vyake, kimoja, kisha kingine.

"Kwa mkono huu," alisema. Halafu akamgeukia mwanawe, na Violeth hakuwahi kumsikia akizungumza kwa sauti ile, ndogo, kavu. "Nilikuwa naonja mbele yake. Mimi naonja, kumwonyesha kwamba mkono wangu ni safi, na mkono wangu ulikuwa na sumu, na wewe umekaa unaniangalia. Umenifanya niwe kitu gani, Ngusa? Ungesema ni ugonjwa, ningelia siku moja, kisha ningenunua sufuria ileile."

Ngusa aliinama amwinue, mama akainuka mwenyewe.

Wageni walikula, wakaondoka, wakisema chakula kilikuwa kizuri. Kesho yake Mama Paskalia aliitoa sufuria ya Violeth nje, akaipindua, akaipiga jiwe mpaka chini pakatoboka, ili asije mtu akaiokota na kuirudisha. Upawa akautia motoni pamoja na kitambaa chake. Unga wote uliochanganywa na ngano alimpelekea Agnetha, na Agnetha, kwa mara moja katika maisha yake, alipokea bila neno. Kisha akaenda Kharumwa kwa miguu, hakumtuma mtu, akarudi na sufuria nyingine.

Alipomweleza Violeth kwamba kama anataka kurudi kwao kwa muda, yeye mwenyewe atamsindikiza mpaka Kagongwa na kuongea na wazazi wake, Violeth alisema bado hajajua. Kwanza anataka maziwa yarudi. Mengine yatafuata.

Siku ya tatu, Ngusa hakwenda kwenye karasha. Aliamka mapema, akaosha mtama, akauanika, akautwanga kwa kinu ambacho mama yake alikuwa amekisugua kwa majivu, akachekecha, akapika. Mwanaume anayejua mawe alikoroga uji taratibu, asiuache ugande. Mama Paskalia alikaa mlangoni mwa jiko na mjukuu mapajani, akimwangalia kila hatua. Uji ulikuwa safi. Hakuna aliyekuwa na shaka juu yake.

Ngusa aliumimina kwenye kikombe, akauleta uani, Violeth alipokuwa ameketi juani. Akapiga magoti. Akapiga funda la kwanza, kubwa, akameza, akakishika kikombe kwa mikono miwili akakinyoosha mbele. Mikono ilikuwa imenawa. Violeth aliitazama mikono ile.

Tangu utotoni alikuwa akikataa vyakula vya watu na kukimbilia kueleza: si wewe, ni tumbo langu, si mkono wako, ni ngano. Maisha yake yote alikuwa ameomba watu waamini kwamba kukataa kwake hakuna maana ile wanayoifikiria. Sasa mbele yake palikuwa na kikombe kisicho na ngano hata chembe, na tumbo lake lilikuwa na njaa, na alitafuta ndani yake maneno ya kueleza, hakuyapata.

"Umeonja," alisema. "Nimeona."

Hakunyoosha mkono.

Ngusa alikaa vilevile, magoti chini. Mvuke ulipungua juu ya kikombe, ukaisha, uji ukaanza kushika utando. Mlangoni mwa jiko, Mama Paskalia aliona yote. Alijua maana yake; alizaliwa nayo. Hakumkemea mkamwana wake.

Violeth akageuza uso upande wa jiko.

"Mayu," alisema, "naomba unipikie uji."

Mama Paskalia alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina alilodhani amenyang'anywa. Akainuka, akamlaza Bujiku mapajani mwa mama yake, akaingia ndani. Punde ikasikika sufuria mpya ikitiwa maji. Mtoto akageuza kichwa, akatafuta ziwa, akalipata, akaanza kuvuta.